Barua ya wazi kwa Maparoko na Halmashauri Walei: aliyeshindwa kuchangia ndiye tunayemtafuta

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba zetu Maparoko, wenyeviti wa Halmashauri Walei (baraza la waamini wa parokia), na ninyi viongozi wa vyama vya kitume mnaoketi nao kikaoni,

Nawaandikia mimi muumini wa parokia moja ya Dar es Salaam, mwana-WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, na mweka hazina wa jumuiya, kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja. Parokia siitaji. Nikiitaja mtasema hayo ni mambo ya huko kwao, na ndugu zangu walioko Moshi, Songea na Bukoba wananiambia hata kwao ni yale yale. Neno langu ni moja: vyama vyetu vinamsaidia mtu mradi awe anachangia, na siku anapoishiwa, ambayo ndiyo siku anayotuhitaji, tunamfuta.

Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Katiba ya chama inasema mwanachama hai ni aliyelipa ada na kumaliza michango, na kwamba mwanachama hai akiugua au akifiwa atashikwa mkono kwa kiasi fulani. Chama cha kufa na kuzikana cha mtaani nacho kina sharti hilo hilo, na VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, vivyo hivyo, wala hakuna anayelalamika. Ila VICOBA havikuanzishwa kwa jina la mtakatifu, wala havifungui kikao kwa Injili ya Msamaria Mwema. Sisi tunaisoma, tunaitafakari, tunasali sala ya kufunga, kisha katibu anafungua daftari.

Hapo kwenye daftari naomba tusimame kidogo. Mchukueni mama anayeuza mboga kwenye sinia, mume hayupo, watoto wanamtegemea yeye. Kwa mwaka mmoja anatakiwa zaka, sadaka ya kila Dominika, mavuno, ujenzi wa kanisa, ada ya chama, mchango wa sikukuu ya somo, yaani mtakatifu msimamizi, wa jumuiya na wa somo wa parokia, zawadi ya kijana wetu anayepewa upadre, mapokezi ya Baba Askofu anapokuja kutoa Kipaimara, na jubilei, maana hapakosi jubilei. Kila mchango peke yake ni mdogo na una sababu nzuri. Yote kwa pamoja hawezi. Katibu anasoma majina ya ambao hawajamaliza, kwa upole kabisa, "tunakumbushana tu wapendwa," na watu wanatazama chini. Mama yule anaanza kuchelewa ili akifika akute daftari limeshafungwa. Baadaye anamtuma mtoto. Baadaye hata mtoto haji. Mtoto huyo akifika umri wa Komunyo ya Kwanza inatakiwa barua ya jumuiya, na mwenyekiti mpya anasema huyu mama simfahamu. Kwenye kikao tunamwita mlegevu. Tukisikia amehamia kwa nabii mwenye spika kubwa kando ya barabara, tunatikisa vichwa kwamba Wakatoliki wa siku hizi hawana msimamo.

Hayati Papa Fransisko aliandika katika waraka wake Evangelii Gaudium, mwaka 2013, kwamba ubaguzi mbaya kuliko wote wanaotendewa maskini ni kukosa huduma ya kiroho. Sisi kwa daftari moja tunamnyima mkate na Ekaristi kwa pamoja.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 wakaweka mkazo kwenye jumuiya ndogo ndogo, nia yao ilikuwa Kanisa liwe pale watu wanapoishi, majirani wajuane. Na tunajuana kweli. Hakuna ofisi ya serikali wala shirika la misaada linalojua, kama jumuiya inavyojua, ni nyumba ipi imelala bila kupika. Ujuzi huo tumeugeuza kuwa ujuzi wa nani anadaiwa.

Malalamiko ya namna hii si mapya katika Kanisa. Sura ya sita ya Matendo ya Mitume inaanza na manung'uniko: wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwaambia walalamikaji wapige magoti kwanza, wala hawakuuliza nani amewatuma. Waliitisha kusanyiko wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Majina yote saba ni ya Kiyunani. Usimamizi wa ugawaji walikabidhiwa watu wa upande ule ule uliokuwa umesahauliwa. Niambieni ni kamati gani ya huruma katika parokia zetu yenye mjumbe hata mmoja aliyewahi kupokea msaada. Wajumbe wetu ni wale wenye magari ya kubebea mchele.

Na mchele wenyewe. Kila Kwaresima WAWATA wana ziara yao ya matendo ya huruma, UWAKA (wanaume) yao, VIWAWA (vijana) yao, kwaya yao, Utoto Mtakatifu (watoto) wao, na kanda, yaani jumuiya zilizounganishwa, nazo kila moja na yake. Wengi huenda kwenye vituo vile vile vya watoto yatima, kwa sababu pana lango, pana sista wa kutupokea, pana nafasi ya basi kugeuza. Ndani ya wiki sita kituo kinapokea sabuni na sukari hadi stoo inajaa. Likizo ya Desemba ikifika, sista yule yule anatupigia simu mmoja mmoja.

Mwaka 1617, huko Châtillon nchini Ufaransa, Paroko mmoja aliyeitwa Vinsenti wa Paulo aliambiwa kabla ya Misa ya Dominika kwamba kuna familia ambayo wote wanaumwa, hakuna wa kumhudumia mwenzake. Akaisema kwenye mahubiri. Mchana alipotoka kwenda kuwaona alikuta njia imejaa watu, wengine wanakwenda na vyakula, wengine wanarudi. Alifurahi, lakini aliona kasoro papo hapo: leo wamepata vingi kupita kiasi, vingine vitaoza, na kesho watakuwa na njaa kama jana. Upendo ulikuwepo, mpango haukuwepo. Akawakusanya wanawake wa parokia, wakagawana siku za zamu, akawaandikia kanuni. Katika kanuni hizo kuna sehemu ninayoipenda kuliko zote: anayepeleka chakula aanze na mgonjwa mwenye mtu wa kumwangalia, amalize na yule aliye peke yake, ili huyo apate kukaa naye muda mrefu zaidi. Hayo yaliandikwa miaka zaidi ya mia nne iliyopita, na bado sijakiona kikao chetu kikipanga ziara kwa uangalifu wa namna hiyo. Sisi tunapanga basi, maji ya kunywa na nani atasoma risala.

Vyama tulivyo navyo vingetosha kabisa kama vingesemezana. Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kilianzishwa Paris mwaka 1833 na Frédéric Ozanam na wenzake, vijana wa chuo, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kumtembelea maskini nyumbani kwake. Lejio ya Maria, chama cha sala na utume kilichoanzia Dublin mwaka 1921, nayo huenda nyumba kwa nyumba, wawili wawili, kila wiki. Lakini kitabu chao cha mwongozo kinawakataza kutoa misaada ya vitu. Wana sababu zao nzuri. Matokeo yake ni kwamba wanalejio wanajua nani amelala kitandani bila dawa, na hawana cha kumpa. WAWATA tuna mfuko, na hatujui mgonjwa huyo aliko. Tunaonana kila Dominika pale nje ya kanisa, tunasalimiana, tunaachana. Kwa nini taarifa ya Lejio isifike kwa wenye mfuko kabla ya jua kuzama siku ile ile? Hakuna sheria ya Kanisa inayozuia. Kinachozuia ni kila chama kutaka kazi ionekane ni yake.

Ndiyo maana kuna picha. Samahani, hapa sitakuwa mpole. Mama mzee anasimamishwa mbele ya nyumba yake akiwa ameshika upande mmoja wa mfuko wa unga, upande wa pili umeshikwa na viongozi wenye sare, wote wanatazama kamera. Kabla hajauingiza unga ndani, picha imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la kanda, la parokia, na la binti yake aliyeko Dodoma ambaye hakuwa amejua kwamba mama yake hana unga. Bwana wetu alisema wazi, utoapo sadaka hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume. Mnasema picha ni kwa ajili ya taarifa na uwazi. Uwazi unaotakiwa ni wa hesabu, na hesabu ndizo zisizopigwa picha.

Kanuni za Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zimelisema hilo bila kuzunguka. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na halmashauri ya fedha. Ya 1267, kifungu cha tatu, inasema sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Ya 1287, kifungu cha pili, inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa. Sasa ile bahasha ya Kwaresima tunayoambiwa ni kwa ajili ya wahitaji, ni waamini wangapi wamewahi kusomewa ilipata kiasi gani na ilikwenda wapi? Kuna parokia zinazosoma, tena kwa ukamilifu, na waamini wake hutoa kwa moyo. Nyingine husoma mapato ya ujenzi kila wiki hadi shilingi mia ya mwisho, lakini ya maskini hayasomwi hata mara moja kwa mwaka. Sisemi yameliwa. Mara nyingi yamekopwa yakanunua saruji, na saruji hairudishi mkopo.

Juu ya sare nitasema kidogo, maana nami ninazo kabatini. WAWATA tulianza mwaka 1972, na mwaka 2022 tulipotimiza miaka 50 tuliujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa. Ilipendeza, na siku ile nilivaa kwa fahari. Lakini kitenge cha chama ni kimoja, na juu yake pana cha kanda, cha somo wa jumuiya, cha jubilei ya parokia, cha kumpokea Askofu, na kila kimoja kina mshono wake na fundi wake. Mama asiye nacho hafukuzwi. Anaachwa tu ajione mwenyewe katikati ya safu.

Na msiba. Mgonjwa akilazwa, jumuiya inatuma wawili wakamwone, wanamwachia juisi na noti moja ndani ya bahasha. Akifariki, ndani ya siku moja tunapata fedha za kulipia deni la hospitali ili maiti itoke, za sanduku, za gari la kwenda Rombo, na chakula cha watu wote. Fedha zile zile zingepatikana wiki tatu kabla, pengine tungekuwa tunaimba misa ya shukrani. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipoanza, kaya ya watu sita mikoani ilikata kadi kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Na mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mazungumzo haya yote ya bima yamepita juu ya vichwa vya vyama vyetu kana kwamba hayatuhusu. Chama kinachoweza kununua kitenge kwa wanachama wote kinaweza kuzikatia bima kaya kadhaa zisizojiweza, na hakuna tendo la huruma litakalodumu mwaka mzima kuliko hilo. Sukari kilo mbili inaisha Jumatano.

Ninachoomba si chama kipya. Mungu apishe mbali, tungetakiwa sare. Ninaomba Caritas ya parokia, yaani chombo cha Kanisa cha kuwahudumia wahitaji, iwe kitu chenye meza na mtu wa kukaa hapo, si jina kwenye orodha ya kamati. Papa Benedikto wa 16, katika barua yake ya Novemba 2012 juu ya huduma ya upendo, aliwataka Maaskofu wahimize kila parokia iwe na Caritas au chombo kinachofanana nayo. Meza hiyo ikae na mjumbe mmoja kutoka kila chama, na ndani yake wawemo watu waliowahi kusaidiwa. Kila jumuiya iwe na watu wawili tu wanaojua majina ya wenye shida, na majina hayo yasisomwe kokote, si kwenye jumuiya wala kwenye matangazo. Mfuko uwe na daftari lake na akaunti yake, ujenzi usiuguse hata kwa kukopa. Kila baada ya miezi mitatu itangazwe: zimeingia kiasi hiki, zimesaidia kaya idadi hii, kimebaki kiasi hiki. Kalenda ya ziara za Kwaresima ipangwe pale mezani, na nusu ya ziara hizo ziende Julai na Desemba. Usomaji wa majina ya wasiomaliza michango ukome wiki hii. Hilo halihitaji kikao.

Na barua ya jumuiya, Baba zetu. Hii iko mikononi mwenu peke yenu. Mtu akija ofisini bila barua, muulizeni kwanza kwa nini hakupata, mkiwa wawili, mlango umefungwa. Wengine ni wavivu kweli, sikatai. Wengine mtasikia ya sinia la mboga.

Najua mtakayonijibu, kwa sababu nimeyasikia kwenye vikao. Kwamba watu watazoea kupewa, na wajanja watajiandikisha. Wajanja wapo, na dawa yao ni ile ile ya Ozanam na wenzake ya mwaka 1833: nenda nyumbani kwake, kaa, rudi tena wiki ijayo. Mjanja havumilii kutembelewa kila wiki. Kwamba vyama vina uhuru wake. Ni kweli, kanuni ya 215 inawapa waamini haki ya kuunda vyama vya upendo na vya ibada, na hakuna anayewanyang'anya WAWATA mfuko wao. Kwamba kanisa bado halijaezekwa. Mtakatifu Yohane Krisostomo, askofu wa kale, aliwauliza waamini wake zama zile inafaa nini kuijaza meza ya Kristo vikombe vya dhahabu wakati Kristo mwenyewe anakufa kwa njaa, naye hakuwa akipinga ujenzi. Alitaka aliye na njaa ashibe kwanza, ndipo meza ipambwe.

Kuna jibu lingine linalosemwa kwa sauti ya chini, kwamba tukianza kuwasaidia wasiochangia, wanaochangia watasusa. Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa kuwa linaweza kuwa kweli. Benedikto huyo huyo aliandika mwaka 2005, katika waraka wake Deus Caritas Est, kwamba Kanisa ni familia ya Mungu na ndani yake asiwepo anayekosa mahitaji ya lazima, na tena kwamba upendo wake uvuke mipaka ya Kanisa lenyewe. Huku uswahilini jambo hilo halina mjadala: msibani haulizwi mtu dini wala risiti kabla ya kupewa sahani ya ubwabwa, na waliopika hawajasusa bado. Baadhi yetu tutasusa. Kazi ya kutuambia ukweli mimbarini ni yenu, na nyie mnaweza. Tumewasikia mkihubiri juu ya zaka.

Siku ya Maskini Duniani, ambayo Papa Fransisko aliitangaza mwaka 2016 na ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2017, huangukia Dominika ya 33 ya mwaka, mwezi Novemba. Naomba siku hiyo, kwenye matangazo baada ya Komunyo, parokia zisome hesabu ya fedha za maskini kwa mwaka mzima, na zitaje ni chama kipi kitaanza kukaa kwenye meza ya Caritas na siku gani. Kama jibu la ombi hili ni hapana, nalo litangazwe, pamoja na sababu zake. Nakala nimempa katibu wa Halmashauri Walei ya parokia yetu, ambaye amenisihi nisitaje jina lake.

Wenu katika Kristo,
Mweka hazina wa jumuiya, Dar es Salaam